Luteni Gray: Miaka ya Kungoja na Dakika Chache za Onagawa

Robert Hampton Gray, rubani wa jeshi la majini kutoka Kanada, aliuawa tarehe 9 Agosti 1945 katika Ghuba ya Onagawa, kaskazini mashariki mwa kisiwa kikuu cha Japani, akiwa na umri wa miaka 27. Siku sita baadaye mfalme wa Japani alitangaza redioni kwamba nchi yake imekubali kusalimu amri. Kwa sababu ya siku hizo sita, karibu kila anayemsimulia Gray humsimulia kwa masikitiko, kama kijana aliyevuka bahari zote akaja kuzama bandarini. Masimulizi hayo hayaniridhishi. Yanamgeuza mtu mzima, aliyekuwa vitani kwa miaka mitano na aliyeijua kazi yake barabara, kuwa mhanga wa kalenda. Tena yanaacha nje sehemu kubwa ya vita vyake, ikiwemo ile aliyoipitisha hapa kwetu Afrika Mashariki, ambayo waandishi wengi huimaliza kwa sentensi moja kisha wakakimbilia Japani.

Alizaliwa tarehe 2 Novemba 1917 katika mji wa Trail, jimbo la British Columbia, lakini mji uliomlea ni Nelson, mji mdogo ulio kando ya Ziwa Kootenay, kati ya milima inayofunikwa na theluji sehemu kubwa ya mwaka. Baba yake alikuwa sonara. Walikuwa na maisha ya kawaida ya watu wa biashara ndogo: si matajiri, si mafukara, na waliweza kumpeleka kijana wao chuo kikuu, kwanza Alberta, kisha British Columbia. Marafiki walimwita Hammy. Picha yake inayojulikana zaidi inamwonyesha amevaa kofia ya ofisa wa majini, uso mviringo wenye tabasamu, na kwa kweli haifanani na picha ya mtu anayetaka kuwa shujaa.

Mwaka 1940, alipomaliza masomo, alijiandikisha mjini Calgary katika kikosi cha akiba cha jeshi la majini la Kanada. Alipelekwa Uingereza kama baharia wa kawaida, na huko akajitolea kujifunza urubani. Hapa panahitaji maelezo kidogo, maana ndipo wengi wanapochanganyikiwa: wakati huo Kanada haikuwa na manowari za kubeba ndege wala vikosi vyake vya ndege za majini, kwa hiyo Mkanada aliyetaka kuruka kutoka baharini hakuwa na njia ila kupitia jeshi la majini la Uingereza. Gray alibaki ofisa wa Kanada mpaka siku ya kufa kwake, huku ndege aliyoirusha, meli aliyoishi ndani yake na makamanda aliowatii vyote vikiwa vya Waingereza. Jambo la kuchekesha ni kwamba baada ya kufikishwa Uingereza, alirudishwa Kanada, mjini Kingston katika jimbo la Ontario, kumalizia mafunzo ya urubani, kwa sababu Waingereza walikuwa wamezihamishia shule zao nyingi za marubani mbali na mabomu ya Wajerumani. Mwaka 1941 alihitimu.

Mdogo wake, Jack, alichagua jeshi la anga. Aliuawa mwaka 1942, akiwa miongoni mwa wafanyakazi wa ndege ya mabomu.

Mwaka huohuo Hammy aliletwa Afrika Mashariki, na ili kuelewa kwa nini rubani wa majini awekwe Kenya inabidi kurudi nyuma hadi mwezi wa Aprili. Tarehe 5 Aprili 1942, manowari za Kijapani za kubeba ndege, nyingi zikiwa zilezile zilizoshambulia Pearl Harbor, zilipeleka ndege zake kuipiga Colombo katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka, na siku hiyohiyo zikazizamisha manowari mbili za Kiingereza, Dorsetshire na Cornwall. Siku nne baadaye zikaipiga Trincomalee na kuizamisha Hermes, manowari ya kubeba ndege. Admirali James Somerville, aliyeongoza meli za Uingereza katika Bahari ya Hindi, aliona wazi kwamba akibaki Ceylon atazipoteza zote, akahamishia makao yake Kilindini. Ghafla Mombasa ikawa ngome kuu ya Waingereza katika bahari hii yote. Hata wataalamu wa kuvunja siri za mawasiliano ya Kijapani walihamishiwa mjini, wakapewa majengo ya shule ya Allidina Visram, mahali ambapo watoto wa Mombasa wamesoma kabla na baada ya hapo bila ya wengi wao kuambiwa kwamba madarasa yao yaliwahi kusikiliza redio za Tokyo.

Miongoni mwa manowari zilizotia nanga Kilindini mwaka ule ilikuwamo Formidable, manowari ya kubeba ndege. Jina hilo tutalikuta tena.

Bandari yenye manowari nyingi kiasi hicho ilihitaji ulinzi wa angani. Ndege za majini zilizokaa nchi kavu zilitumia viwanja vya pwani, kikiwemo cha Port Reitz, ambacho kilipanuliwa wakati wa vita na ambacho leo tunakiita Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi. Kambi ya nchi kavu ya marubani hao wa majini nayo ilikuwa na jina la meli, kwa kuwa Waingereza wana desturi ya kuipa kambi jina kama la meli hata ikiwa imezungukwa na minazi pande zote. Gray alitumikia vikosi vitatu, namba 795, 803 na 877, kwa muda wa karibu miaka miwili, akirusha ndege za kivita aina ya Hurricane. Kikosi cha 803 kilikuwa kimetoka kupigana na Wajapani katika anga ya Colombo. Kile cha 877 kiliundwa Tanga mwaka 1943. Kwa maneno mengine, kijana wa milima ya theluji alitumia sehemu kubwa zaidi ya vita vyake kati ya Nairobi na pwani yetu, akimlinda mtu asiyemjua dhidi ya adui ambaye hakutokea.

Hakutokea kwa sababu mwezi Juni 1942 Wajapani walipoteza manowari nne za kubeba ndege katika mapigano ya Midway, na baada ya hapo hawakuwa tena na nguvu ya kuja Kilindini kwa mbele. Walikuja kwa chini. Nyambizi zao zilikuwa tayari zimeipiga manowari Ramillies huko Diego Suarez, Bukini, mwishoni mwa Mei, kisha zikaingia Mlango Bahari wa Msumbiji na kuzamisha meli nyingi za mizigo. Pigo kubwa kuliko yote kwa watu wa huku lilikuja tarehe 12 Februari 1944, pale nyambizi ya Kijapani ilipoizamisha meli ya abiria Khedive Ismail karibu na Maldivi, ikiwa njiani kutoka Kilindini kwenda Ceylon. Walikufa watu 1,297, wengi wao wakiwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Hurricane zilizokaa pwani hazingeweza kuwasaidia. Ni ndege za masafa mafupi, zilizoundwa kupigana na ndege nyingine juu ya ardhi au karibu nayo, na nyambizi ilijua kukaa mbali.

Ninaikalia sehemu hii kwa makusudi. Rubani wa kivita asiyepigana si mtu aliyepumzika. Anaamka alfajiri, anakagua ndege, anapanda, anazunguka juu ya mawimbi yaleyale, anashuka, anaandika katika kitabu chake kwamba hakuona kitu, na kesho anaanza tena. Wenzake wanaanguka kwa ajali za mafunzo, kwa injini kuzima, kwa mawingu. Wanakufa bila adui. Wakati huohuo barua kutoka Nelson ilikuwa imemfikia kwamba mdogo wake ameshakufa. Mtu aliyekaa hivyo miaka miwili hutoka akiwa na moja kati ya mambo mawili: amekata tamaa, au amejifunza utulivu ambao aliyeingia vitani moja kwa moja hanao. Mashahidi waliomjua Gray baadaye wanakubaliana kwamba yeye alikuwa wa kundi la pili.

Aliporudi Uingereza alifunzwa kurusha Corsair, ndege ya Kimarekani yenye mabawa yaliyopinda chini kisha yakainuka, na mwezi Agosti 1944 akapangiwa kikosi namba 1841 kilichokuwa ndani ya Formidable, ileile iliyokuwa imetia nanga Kilindini.

Corsair ilikuwa na sifa mbaya. Pua yake ni ndefu sana na rubani ameketi nyuma kabisa ya bawa, kwa hiyo ndege inapoinua pua ili kutua, kile anachohitaji kukiona kuliko vyote, yaani sitaha, kinafichwa na injini. Wamarekani walisita kwa muda kuitumia katika manowari. Marubani wa Uingereza walipata njia: badala ya kuijia meli kwa mstari ulionyooka kutoka nyuma, waliijia kwa kupinda, wakiitazama kwa upande wa kushoto mpaka sekunde za mwisho, huku macho yao yakimfuata ofisa aliyesimama ukingoni mwa sitaha akiwaashiria kwa vibao viwili vya rangi kama wako juu mno au chini mno. Kisha ndege inanyooka, injini inapunguzwa, mkia unashuka, na ndoana iliyo chini ya mkia inakamata mojawapo ya nyaya za chuma zilizotandazwa kukingama sitaha. Ikikosa zote, mbele kuna wavu wa chuma, na baada ya wavu kuna ndege za wenzako. Mabawa yenyewe yalibidi yakatwe ncha, takriban sentimita 20 kila upande, ili ndege ikikunjwa iweze kuingia katika banda la chini ya sitaha, kwani mabanda ya manowari za Kiingereza yalikuwa mafupi kwa kimo kuliko yale ya Kimarekani.

Kazi yake ya kwanza ya mapigano na Formidable ilikuwa Norwei, katika mashambulizi dhidi ya manowari ya Kijerumani Tirpitz. Tarehe 24 Agosti 1944 aliongoza wenzake kuishambulia mizinga ya kutungulia ndege ili waliobeba mabomu wapite. Siku chache baadaye, tarehe 29, alishambulia manowari za Kijerumani zilizokuwa karibu, na risasi zikaung'oa usukani wa mkia wa ndege yake. Alirudi hata hivyo mpaka kwenye meli, na alipofika hakuomba atue kwanza. Ndege iliyoharibika ikianguka kwenye sitaha huziba njia na kuwaacha walio nyuma wakiishiwa mafuta angani, kwa hiyo akazunguka, akazunguka, akingoja zamu yake. Alitajwa rasmi kwa ushujaa katika taarifa za kijeshi. Mimi katika tukio lile namwona mtu wa Port Reitz: kungoja alikuwa amekuzoea.

Mwaka 1945 Formidable ilipelekwa Pasifiki, ambako Waingereza walipigana bega kwa bega na Wamarekani karibu na Okinawa. Tarehe 4 Mei rubani wa Kijapani wa kujitoa mhanga aliipiga sitaha yake. Watu wanane walikufa, na shimo likazibwa kwa saruji na bamba za chuma hata ndege zikaanza kutua tena baada ya saa chache. Tarehe 9 Mei ikapigwa mara ya pili. Kisha tarehe 18, bunduki za Corsair moja zikafyatuka kwa bahati mbaya ndani ya banda, moto ukawaka, na meli ikapoteza ndege nyingi kwa mkono wake yenyewe. Julai walifika pwani ya Japani. Tarehe 28 mwezi huo Gray aliongoza shambulio lililozamisha manowari ya Kijapani, na kwa kazi hiyo akapewa nishani ya Distinguished Service Cross, ambayo ilitangazwa baada ya yeye kufa.

Hiroshima ilipigwa tarehe 6 Agosti. Hali mbaya ya hewa ilikuwa imeyachelewesha mashambulizi ya meli za Uingereza na Marekani, na yalipoanza tena asubuhi ya tarehe 9, makamanda walikuwa wameshaanza kuhisi kwamba mwisho umekaribia. Marubani waliagizwa wasijihatarishe pasipo sababu. Gray aliongoza vikundi viwili vya Corsair, kila ndege ikiwa na mabomu mawili ya ratili 500. Lengo lilikuwa uwanja wa ndege wa Matsushima, lakini uwanja ule ulikuwa umekwisha kupigwa vizuri na waliotangulia, na katika kupita alikuwa ameona manowari zimetia nanga katika Ghuba ya Onagawa. Akaamua kuwageuza wenzake kuelekea huko.

Onagawa ni ghuba nyembamba yenye vilima pande zake. Kwa rubani anayeshuka, vilima vinamficha mpaka dakika ya mwisho. Akishavivuka, hana tena pa kujificha, maana mizinga iko mbele yake katika meli na iko ubavuni katika miteremko. Yeye alitangulia. Alichagua Amakusa, manowari ya kusindikizia misafara. Kumpiga adui baharini kwa bomu la aina ile kulimtaka rubani ashuke chini sana na aendeshe ndege kwa mstari ulionyooka bila kuyumba, kwani akiyumba bomu hupotea. Na katika sekunde zile za kunyooka ndipo wapiga mizinga humpata kirahisi zaidi. Walimpata. Bomu moja liling'olewa na risasi kutoka chini ya bawa. Ndege ikashika moto. Hakupinda. Bomu lililobaki aliliachia kwa karibu kabisa, likapenya ubavu wa Amakusa, likalipuka ndani, na manowari ikazama kwa dakika chache. Corsair yenye moto ilipita juu yake, ikajigeuza, ikaingia majini. Mwili wake haukupatikana.

Sasa turudi kwenye zile siku sita. Wapo wasemao kwamba alikaidi agizo, na kwamba manowari moja ya kusindikizia haikustahili maisha yake kwa kuwa vita vilikuwa vimekwisha. Lakini asubuhi ile vita havikuwa vimekwisha. Bomu la Nagasaki lilianguka saa tano na dakika mbili, wakati Gray ameshakufa. Urusi ilikuwa imeingia vitani dhidi ya Japani usiku uleule wa kuamkia siku hiyo. Na jeshi la Marekani lilikuwa na mipango kamili ya kuivamia Kyushu mwezi Novemba. Watu wa Formidable, waliokuwa wameona mara mbili rubani Mjapani akijirusha juu ya sitaha yao, hawakuwa na sababu ya kuamini kwamba adui wa namna hiyo atasalimu amri wiki ijayo. Agizo lilikataza hatari isiyo na sababu. Aliyeliona lengo, akaongoza mwenyewe badala ya kumtanguliza mwingine, akapita mara moja tu, sioni kwamba alilivunja.

Na kama siku sita ni hoja, basi ni hoja ya pande zote mbili. Katika ghuba ile siku hiyo walikufa mabaharia wengi wa Kijapani, vijana waliokuwa na wazazi kama sonara wa Nelson, na wao pia walikuwa wamebakiwa na siku sita. Anayemlilia Gray kwa kalenda lakini asiwataje wale wa Amakusa anasimulia nusu ya kisa. Hili silisemi ili kumpunguzia heshima. Kazi yake ilikuwa kuzizamisha meli zile, kama ambavyo kazi ya wapiga mizinga ilikuwa kumwangusha yeye, na kila upande uliifanya kazi yake mpaka mwisho bila kujua kwamba kalenda imekaribia.

Nishani yake ya Victoria Cross, ya juu kabisa ya ushujaa kwa Waingereza, ilitangazwa mwezi Novemba 1945. Maelezo yake rasmi yanataja moto mzito wa mizinga ya pwani na wa manowari zipatazo tano, na kwamba aliruka chini sana ili kuhakikisha anafaulu. Alikuwa rubani wa pili wa ndege za majini za Uingereza kuipata katika vita hivyo, baada ya Eugene Esmonde, na ni Mkanada wa mwisho kuipokea. Au niseme ni wazazi wake walioipokea, maana wao ndio waliokabidhiwa, watu wawili waliokuwa wameshazika matumaini ya watoto wao wa kiume wote.

Wajapani nao walimkumbuka, na hilo ndilo linalonishangaza zaidi katika habari hii. Mwaka 1989 kumbukumbu yake ilisimikwa Onagawa, katika bustani inayoitazama ghuba, na inatajwa kuwa ndiyo pekee ya mwanajeshi wa majeshi ya Washirika iliyowekwa katika ardhi ya Japani. Tetemeko na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011 viliuvunjavunja mji ule, vikaua watu zaidi ya 800 kati ya wakazi wapatao 10,000, na kumbukumbu hiyo ikaharibika. Mji ulipojengwa upya, nayo ilisimikwa tena. Watu waliopoteza kiasi kile wangeweza kuwa na udhuru wa kuisahau, na hakuna ambaye angewalaumu.

Kanada imeipa jina lake meli ya sita ya doria za Aktiki za daraja la Harry DeWolf. Lakini kuna kumbukumbu nyingine ya zamani zaidi, si mbali na Nelson, nayo mimi naiona ya haki kuliko zote: kilele cha mlima katika hifadhi ya Kokanee Glacier kinachoitwa Grays Peak, kwa heshima ya ndugu wote wawili, Hammy mwenye nishani na Jack asiyetajwa sana. Picha ya mlima huo iko kwenye lebo ya bia ya Kokanee, na nadhani watoto wawili wa sonara wa mji ule wasingelichukia hilo hata kidogo.